Daftari la Waliosikia

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla kinyozi hajamaliza kufagia nywele za jana, Bi Tangazo huwa ameshasimama kwenye kona yake ya kwanza. Hubana mkoba kwapani, hukohoa mara moja, kisha hutoa karatasi ya halmashauri na kuinyoosha kwa viganja kama anayenyoosha kola ya mtoto anayekwenda shule.

"Jamani wa mtaa, salamu kwanza, habari baadaye," husema. "Mmeamkaje?"

Tukishaitikia ndipo husoma. Husoma neno kwa neno bila kuruka hata nukta, ingawa lugha ya ofisini ina kona nyingi kuliko mtaa wetu. Akifika mwisho hukunja karatasi na kusema, "Maana yake ni hii." Hapo watu husogea karibu. Halmashauri ikiandika kwamba wamiliki wa wanyama wadogo wafugwao wanakumbushwa kuwadhibiti katika maeneo ya umma, yeye hutuambia, "Maana yake ni hii: mwenye mbuzi amfunge, na mwenye mbuzi anajijua." Na mwenye mbuzi, ambaye ni dobi wa kona ya pili, huinamia pasi yake kama hajasikia kitu.

Hakuajiriwa kusoma. Yeye ni tarishi. Kazi yake ni kupeleka barua na kubandika matangazo kwenye ubao wa kijani uliopigiliwa ukutani mbele ya ofisi. Kusoma alianza mwenyewe, miaka ishirini na sita iliyopita, siku alipomwona mzee mmoja ameutazama ubao kwa muda mrefu, kisha mzee akamuuliza kwa sauti ya chini kama ile karatasi ni ya msiba. Ilikuwa ya chanjo. Tangu siku hiyo husoma kwenye kona tatu: kwa kinyozi, kwa dobi, na penye bomba la maji mwisho wa mtaa. Kuna wakati ofisi ilimpa kipaza sauti. Mwaka juzi msimamizi akakirudisha stoo, akamweleza kwa upole kwamba siku hizi habari ziko ubaoni na kwenye simu, kwa hiyo apumzishe koo. Bi Tangazo alimshukuru. Kipaza sauti kikapumzika, koo likaendelea.

Na kuna daftari. Hili lina kisa chake. Zamani, ukuta wa duka la mama mmoja mjane ulibomolewa ili mtaro upite. Mjane alisema hakuambiwa. Bi Tangazo alijua amesoma tangazo lile mara nne, tena mbele ya duka lenyewe, lakini bosi wa wakati huo alimwambia, "Neno lako ni hewa, mama. Hewa haiwekwi kwenye faili." Alikwenda moja kwa moja dukani kununua daftari. Kuanzia hapo, kila akimaliza kusoma huuliza, "Nani amesikia?" na haondoki kwenye kona mpaka watu wawili watie saini mbele ya tarehe na jina la tangazo. Sasa yuko kwenye daftari la tisa.

Tulimtania sana kwa jambo hilo. "Mama, niandike mimi nimesikia mpaka ya wiki ijayo," kinyozi alikuwa akimwambia, wembe mkononi.

"Wewe masikio yako yamejaa nywele za wateja," Bi Tangazo humjibu. "Tia saini kwanza, matani baadaye."

Nyumbani ni vilevile. Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu, tunamwita Babu Tarumbeta. Kwa ushahidi wa mke wake ndiye mwanamume asiyesikia kuliko wote waliowahi kuoa. Bi Tangazo husimama mlangoni pa jikoni na kutangaza, "Sabuni imekwisha. Nani amesikia?" Babu hunyanyuka, huchukua kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kalenda ya ukutani, na kutia saini kwenye tarehe ya siku ile. Halafu husahau sabuni. Lakini saini ipo.

Sasa nieleze habari ya tamasha.

Kila msimu wa joto, shule zikifungwa, mtaa wetu hufanya tamasha la siku moja. Barabara hufungwa, magari hukaa pembeni, na lami yote huwa yetu tangu asubuhi hadi jioni. Watoto huichora kwa chaki kutoka kwa kinyozi hadi bombani. Kuna kwaya, maigizo, na mbio za baiskeli za polepole ambamo wa mwisho ndiye mshindi na anayeweka mguu chini ametoka. Mwaka huu kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Bendi ya tarumbeta ya mtaa, iliyonyamaza miaka tisa tangu mpigaji wao wa ngoma kubwa afariki, ilikuwa imekubali kupiga tena. Wamebaki wanne. Babu Tarumbeta alifanya mazoezi jikoni kwa wiki sita, kitambaa kimesokomezwa kwenye mdomo wa tarumbeta ili majirani wasikasirike, na sisi majirani tulikaa madirishani kumsikiliza hivyo hivyo. Bi Tangazo alipika huku akihesabu mapigo kwa mwiko. Alikuwa na miezi minne tu ya kazi kabla ya kustaafu, na alituambia wazi kwamba akishamwona mzee wake amesimama tena jukwaani, ataiaga ofisi kwa moyo mweupe.

Ili barabara ifungwe, halmashauri ina utaratibu wake. Tangazo la kufunga barabara lazima liwafikie wakazi kwa siku tano za kazi mfululizo. Likikosa hata siku moja, hakuna kufunga. Tamasha lilikuwa Jumamosi. Alhamisi ya wiki iliyotangulia, Bi Tangazo alilibandika tangazo katikati ya ubao wa kijani, kwa gundi ya kutosha kubandikia mlango. Siku mbili lilikaa hapo vizuri kabisa.

Ijumaa alasiri kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya tamasha, aliingia ofisini akikimbia na bango limeviringishwa chini ya kwapa. Lilikuwa limetoka kuchapwa, bado linanuka wino. Alilikunjua juu ya meza. Jua la manjano, jina la tamasha kwa herufi nyekundu, na katikati, picha ya Babu Tarumbeta akiwa kijana wa miaka thelathini, mashavu yamevimba, macho yamefumbwa, tarumbeta imeelekea juu.

Bi Tangazo aliinamia picha. Kisha akasema, "Hilo shati nilimshonea mimi."

"Basi tulibandike, mama. Saa hii hii, watu wanatoka kazini."

Alichukua gundi. Bango lilikuwa kubwa, na ubao ulikuwa umejaa. Pembeni kulikuwa na ratiba ya taka, juu kulikuwa na tangazo la chanjo. Bi Tangazo, aliyewahi kugombana na wanasiasa wawili na mhubiri mmoja kwa kubandika karatasi juu ya karatasi ya halmashauri, alimtazama mume wake kijana na mkono ukaenda wenyewe katikati ya ubao. Akalilainisha bango kwa viganja, kona kwa kona, mpaka likakosa hata kipovu kimoja cha hewa. Watu walisimama kulitazama. Wengine walipiga makofi. Kinyozi alilipiga picha. Katika furaha ile yote, hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kilichokuwa chini yake.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano Bi Tangazo alisoma kona zake kama kawaida. Alikuwa na karatasi yake mwenyewe mkobani, hivyo hakuhitaji kuutazama ubao.

Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya tamasha, alikuja afisa wa barabara kutoka makao makuu ya halmashauri. Alikuwa binti mtulivu mwenye miwani, na kando yake alitembea Bwana Saruji, mwenye ghala la vifaa vya ujenzi katikati ya mtaa wetu. Jina hilo tulimpa kwa sababu hata siku ya harusi ya mwanawe alikuwa na vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Nina lori linakuja Jumamosi," Bwana Saruji alikuwa akisema, na wala hakuwa akipiga kelele. "Limeshatoka huko mbali, haliwezi kurudi. Nafika hapa nasikia barabara inafungwa. Nani kaniambia? Nimekuja kwenye ubao, naona picha ya mtu anapuliza tarumbeta. Hiyo ndiyo taarifa?"

Afisa aliutazama ubao. Akauliza tangazo liko wapi. Kinyozi aliyekuwa amevuka barabara na shuka la kunyolea begani akasema lipo, lipo hapo. Akanyoosha kidole. Kidole kikabaki hewani.

Afisa alikwangua kona ya bango kwa ukucha. Likainuka kidogo. Chini ya mguu wa Babu Tarumbeta ukaonekana muhuri wa halmashauri, wa rangi ya zambarau, safi kabisa.

Tulikuwa watu kama kumi na watano pale, na nadhani sote tulikuwa tukiiona lami yetu ikirudi kuwa ya magari.

"Nani alibandika hili?" afisa aliuliza.

Kinyozi alisogea mbele. "Ni sisi kamati, dada. Ni mimi. Niadhibu mimi, tamasha uliache."

"Mwongo," Bi Tangazo alisema. Alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, mkoba kwapani. "Gundi ilikuwa mkononi mwangu, mwanangu. Huyu alileta bango tu. Miaka ishirini na sita nimewafukuza watu kwenye ubao huu, halafu nikaja kuuziba mwenyewe kwa ajili ya picha ya mume wangu. Andika hivyo."

Afisa hakuandika. Alionekana kutafuta namna ya kusema jambo gumu kwa mtu mwenye umri wa mama yake. "Mama, utaratibu ni siku tano. Hili limeonekana siku mbili. Nikisaini barabara ifungwe, na huyu bwana anasema hakuarifiwa, nitakuwa nimedanganya."

"Usidanganye," Bi Tangazo alisema. "Lakini mimi nilisoma."

"Ulisoma wapi?"

"Hapo kwa kinyozi, na kwa dobi, na bombani. Kila siku."

"Alisoma," tulisema wote kwa pamoja, na Bwana Saruji akacheka kwa pua.

"Hao ni watu wa tamasha," alisema. "Ukiwauliza kama mbuzi wa dobi anapiga kinanda, leo watakuambia anapiga."

Kwa kweli hapo alikuwa sahihi. Afisa alifungua kishikwambi chake, akatafuta, akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akasoma kwa sauti kifungu cha sheria ndogo ambacho hakuna aliyekifuta tangu enzi za kipaza sauti: tangazo litabandikwa mahali pa wazi, au litasomwa hadharani mbele ya wakazi wasiopungua wawili, na uthibitisho wake utahifadhiwa.

"Uthibitisho," afisa alirudia, na uso wake ukaanguka kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta hana ufunguo. "Huo ndio hatuna."

Nakumbuka kinyozi alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Nakumbuka dobi alikuwa anakuja mbio na pasi bado mkononi. Na Bi Tangazo, taratibu kabisa, akafungua zipu ya mkoba.

Daftari la tisa lilikuwa na jalada la bluu lililochakaa pembeni. Alilifungua juu ya kizingiti cha dirisha la ofisi, akarudi nyuma hatua moja, akamwachia afisa. Afisa alisoma ukurasa wa Alhamisi iliyopita: kona tatu, saini sita. Ijumaa, kona tatu, saini sita, moja ikiwa ya kinyozi na mchoro wa masharubu. Akafunua Jumatatu.

Jumatatu ile ilinyesha mvua ya ghafla, ile ya msimu wa joto inayokuja bila hodi. Kwenye kona ya dobi watu walikuwa wamekimbia. Bi Tangazo alisoma chini ya kibaraza, mbele ya dobi mwenyewe na mtu mwingine mmoja aliyejibanza pale na simu sikioni. Ukurasa ulikuwa umevimba kwa maji na wino wa saini ya pili ulikuwa umetambaa. Lakini pembeni ya saini palikuwa na alama ya dole gumba, ya kijivu, ngumu, iliyoinuka juu ya karatasi. Afisa alipitisha kidole juu yake. Haikutoka.

"Hii ni nini?" aliuliza.

Dobi alichungulia. "Hiyo ni saruji," alisema. "Ikishika imeshika."

Vichwa vyote viligeuka. Bwana Saruji alikuwa akilitazama dole gumba lake la kulia kana kwamba limemsaliti kwa muda mrefu bila yeye kujua.

"Nilikuwa na simu," alisema hatimaye. "Huyu mama alinisogezea daftari. Nikamwambia lete, lete nitie saini. Nilidhani ni mchango."

"Na ukasaini mchango bila kuuliza?" kinyozi alisema. "Kuanzia leo mimi ndiye mweka hazina wako."

Watu waliangua kicheko, hata mzibua mitaro aliyekuwa amesimama pale na jembe lake. Bwana Saruji naye alitaka kucheka, akajizuia, shingo ikavimba. Afisa alifunua Jumanne, akafunua Jumatano, akahesabu saini kwa ncha ya kalamu. Siku tano zilitimia. Alivua miwani na kuifuta, na tulijua kwamba barabara itafungwa.

Lakini Bi Tangazo hakuwa amecheka. Alimsogelea Bwana Saruji, akasimama mbele yake kama anavyosimama mbele yetu sote.

"Bwana," alisema, "saini unayo, lakini ni kweli hukusikia. Nilikuona. Nilikuona una simu, na mimi nilitaka saini ya pili ili niwahi bombani kabla mvua haijazidi. Hilo ni kosa langu la pili ndani ya wiki moja. Sasa nisikilize."

Akatoa karatasi mkobani. Akainyoosha kwa viganja. Akaanza, "Jamani wa mtaa, salamu kwanza, habari baadaye," ingawa safari hii alikuwa akimsomea mtu mmoja tu. Akasoma kuhusu barabara, tarehe, saa, kona ya kuanzia na ya kuishia. Akasoma kifungu cha nne, kinachosema magari yenye shehena yataruhusiwa kuingia na kushusha mzigo hadi saa tatu asubuhi.

"Maana yake ni hii," Bi Tangazo alisema. "Lori lako liingie mapema, lishushe, litoke. Lilikuwa limeruhusiwa tangu siku ya kwanza."

Bwana Saruji aliichungulia karatasi. "Hadi saa tatu?"

"Hadi saa tatu."

"Lori langu linafika saa kumi na mbili na nusu."

"Basi umegombana na barabara iliyokwisha kukupisha," dobi alisema.

"Na mifuko tutakushushia sisi kamati," kinyozi akadakia, "ili tusikuone tena kwenye ubao."

Bi Tangazo alikuwa ameshafungua daftari kwenye ukurasa mpya na kuandika tarehe. "Nani amesikia?" aliuliza. Bwana Saruji alichukua kalamu. Safari hii alisoma kwanza mstari mzima, kidole kikifuata maneno, ndipo akatia saini. Shahidi wa pili alikuwa afisa wa barabara, na aliandika jina lake lote.

Alasiri ile Bi Tangazo alilibandua bango mwenyewe kwa maji ya uvuguvugu na kisu cha siagi, saa nzima, bila kukwaruza hata shavu moja la mume wake. Alilihamishia ukutani kwa kinyozi. Tangazo la halmashauri likaonekana tena, likiwa na sura ya kitu kilichoamshwa usingizini.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu lori liliingia, na saa mbili barabara ilikuwa yetu. Nisingeweza kueleza kila kitu hata ningetaka. Chaki ilikwisha kabla ya saa nne, watoto wakahamia kwenye vipande vya plasta ya ukuta alivyotoa Bwana Saruji ghalani. Mbio za baiskeli za polepole zilichukua dakika ishirini na moja kwa umbali wa nyumba sita, na mshindi alikuwa mwalimu wa hesabu ambaye kwa muda mrefu hakusogea kabisa. Mbuzi wa dobi alikuwa amefungwa.

Saa tisa alasiri bendi ilipanda jukwaani, wazee wanne na ngoma kubwa moja waliyoiacha kwenye kiti bila mpigaji. Babu Tarumbeta alikuwa amevaa lile shati. Halikufunga tena tumboni, kwa hiyo alikuwa ameliacha wazi juu ya fulana. Alitoa kitambaa kwenye mdomo wa tarumbeta, akakikunja, akakitia mfukoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa tuliisikia sauti yenyewe. Ilipanda juu ya mapaa. Watu waliokuwa madirishani walishuka, na waliokuwa wamekaa walisimama. Bi Tangazo alikuwa mbele kabisa, mwiko mkononi, sijui aliutoa wapi, akihesabu mapigo.

Wimbo ulipoisha Babu alisogelea kipaza sauti. Kilikuwa kile kile cha stoo, kamati ilikiazima. Alihema kwanza. Kisha akatoa mfukoni ukurasa uliochanwa kwenye kalenda ya jikoni, akaunyoosha kwa viganja, akauliza mtaa mzima:

"Nani amesikia?"

Mikono yote iliinuka. Alimtazama mmoja tu. Bi Tangazo alipanda ngazi za jukwaa, akachukua kalamu, akainama juu ya ule ukurasa wenye saini za sabuni na mafuta na kiberiti, akatia saini yake chini ya zote. Babu akanyoosha mkono auchukue ukurasa.

"Ngoja," Bi Tangazo alisema, na kipaza sauti kikatuletea neno hilo hadi bombani. "Mashahidi ni wawili."

Akageuka na kuutazama umati, na Bwana Saruji, aliyekuwa ameketi juu ya mifuko yake mbele ya ghala, akainuka, akapangusa mikono kwenye suruali, na kuja na dole gumba lake.